Kiota cha kasa, chekeche na ndoo ya chumvi: mifuko ya rambo ilishapigwa marufuku, hizi nyuzi za bluu zinatoka wapi?

#1 Mchekecha Mchanga (Pangani)

Wakuu, salaam.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu. Mods msiuhamishie jukwaa la mapishi tafadhali, maana mara ya mwisho nilipoandika neno kasa humu watu waliniuliza supu yake ikoje.

Mimi ni mmoja wa wale wanaodamka alfajiri kupita ufukweni kutafuta nyayo za kasa. Huku kwetu upande wa Ushongo, viota vingine havikutagwa hapo. Mayai yanachimbuliwa kisiwa cha Maziwe na kuletwa bara kufukiwa upya, kwa sababu Maziwe siku hizi ni fungu la mchanga tu. Wazee wanaikumbuka ikiwa na mivinje. Sasa bamvua likija, yaani siku za maji makubwa, bahari inalifunika fungu zima, na yai likikaa majini linaoza. Kiota kimoja kina mayai mia na ushei, yanakaa chini siku 55 hadi 60 hivi, halafu usiku mmoja mchanga unabonyea na vitoto vinachomoka kama siafu. Siku chache baadaye ndiyo zamu yangu. Nafukua, nahesabu maganda na mayai viza, nawatoa waliokwama, naandika daftarini.

Msimu uliopita nikajiongezea kazi ambayo hakuna aliyenituma. Nilichota kopo moja la mchanga chini kabisa penye maganda, nikaupitisha kwenye chekeche la unga kuondoa magamba makubwa, kisha nikaumwaga kwenye ndoo ya maji niliyokoroga chumvi mpaka ikagoma kuyeyuka. Mchanga unazama, plastiki nyingi inaelea. Nikaacha litulie, nikamulika tochi kwa ubavu. Juu palikuwa na vumbi la majani, mguu wa kaa, na nyuzi. Nyuzi 11 kwenye kopo moja, fupi kama kope za mtoto. Nane kati yake ni rangi ile ya bluu na kijani ya kamba za nailoni tunazofungia ngalawa. Cha rambo sikukuta hata kipande.

Tangu siku hiyo nimekuwa msumbufu nyumbani. Nasoma kila kitu kinachohusu maikroplastiki, yaani chembe za plastiki zisizozidi milimita 5. Jua linaila plastiki mpaka inakuwa kavu na kukatika, mawimbi yanasaga, kinachobaki hakiozi bali kinapungua ukubwa tu.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, pamoja na wenzao walichapisha matokeo ya kuchunguza matumbo ya kasa 102 waliokufa, kutoka Atlantiki, Mediterania na Pasifiki, wa aina zote saba za dunia. Wote 102 walikuwa na chembe za kutengenezwa na binadamu. Hakuna hata mmoja aliyesalimika. Jumla zilizidi 800, na walipima sehemu tu ya utumbo, kwa hiyo wakakadiria kwamba kwa tumbo zima hesabu inafika kama mara 20. Zilizoongoza ni nyuzi. Nilipofika hapo nikaikumbuka ndoo yangu.

Kwa nini kasa haitemi? Ukimpasua kasa aliyekufa, umio wake ndani umejaa miiba iliyoelekea tumboni. Kazi yake ni kuzuia konyeza (kiumbe wa baharini laini kama jeli) na majani yasirudi anapotema maji ya chumvi. Kwa hiyo kilichoingia kimeingia. Halafu kuna hili la harufu. Mwaka 2020 ulitoka utafiti wa kasa aina ya duvi 15 waliofugwa. Walipewa wanuse plastiki safi, plastiki iliyolowekwa baharini wiki kadhaa, na chakula. Ile safi hawakuijali. Iliyoota ukungu wa bahari waliiitikia kama chakula. Sisi tunadhani kasa ni mjinga anayedhani mfuko ni konyeza, kumbe pua yake inamwambia kweli: hicho kitu kinanuka chakula.

Hoja yangu ni hii. Tumeifanya rambo kuwa shetani wa bahari, tukaipiga marufuku, tukapongezana. Lakini plastiki iliyo karibu kabisa na kasa ni ile ya kazi zetu wenyewe wa pwani: kamba, nyavu, maboya, kandambili. Kisiwani Aldabra, Shelisheli, ambako kasa wanataga kwa maelfu na hakuna mji, mwaka 2019 walizoa tani 25 za taka, wakakadiria zimebaki kama tani 500. Kwa uzito, asilimia 83 ilikuwa zana za uvuvi. Na kandambili walizikadiria 360,000! Nani kaenda Aldabra kuvua viatu?

Na kamba haihitaji kutupwa ndipo ichafue. Watafiti wa Plymouth walivuta kamba juu ya puli kama wavuvi wanavyovuta. Kamba mpya ilimwaga chembe kama 20 kwa kila mita, ya miaka miwili zaidi ya 700. Kila mtu humu aliyewahi kupandisha nanga na kiganja chake kikabaki na vumbi la kijani anajua ninachosema.

Karibuni.

#2 Mbishi wa Tandika

Mkuu umeandika vizuri ila nina maswali mawili. Moja, IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, wenyewe Oktoba 2025 wamemshusha kasa wa kijani kutoka orodha ya walio hatarini, wamesema ameongezeka karibu asilimia 28 tangu miaka ya 1970. Sasa kama anaongezeka huku bahari ikijaa plastiki, hizo nyuzi zako zinamfanya nini? Pili, kupatikana tumboni si kuua. Mimi hapa nina kutu ya mabomba ya maji tumboni na bado nadaiwa kodi.

#3 Mchekecha Mchanga

Mbishi hahaha, kodi lipa mkuu.

La kwanza ni kweli na nimelifurahia. Lakini huyo wa kijani, ambaye sisi tunamwita kasa uziwa, ni aina moja tu. Kasa ng'amba bado yuko kwenye kundi la hatari kubwa kabisa. Halafu angalia umri: kasa anafikisha miaka 20, 30 au zaidi ndipo apande kutaga. Majike tunaowahesabu leo ufukweni wanatuonyesha matunda ya watu walioacha kuchimba mayai na kuchinja majike enzi hizo. Vitoto vilivyoingia kwenye bahari ya leo, majibu yake atayaandika mjukuu wangu.

La pili umenikamata kidogo, nami sitadanganya. Kwa kasa mkubwa, wale wale wa Exeter walisema chembe hizi ni ndogo kiasi cha kupita na kinyesi bila kuziba utumbo. Kinachoziba ni vipande vikubwa. Kuna hesabu ya Australia ya mwaka 2018 iliyotumia kumbukumbu za kasa karibu 1,000: kipande kimoja cha plastiki tumboni kinampa uwezekano wa asilimia 22 wa kufa kwa sababu hiyo, vikifika 14 inakuwa nusu kwa nusu. Lakini hivyo ni vipande vya kuonekana kwa macho.

Ninachoogopa mimi ni vitoto. Kitoto kikitoka ufukweni kinaogelea mpaka kwenye mikondo ya bahari kuu na kuishi huko juu juu, penye mapovu na magugu yanayoelea. Huko huko ndiko plastiki inakokusanyika. Florida mwaka 2019 alipatikana mmoja wa kuenea kiganjani, tumboni ana vipande 104. Na hapa kwenye bahari yetu hii: Aprili 2015 upepo ulitupa vitoto vya duvi pwani ya kusini kabisa ya Afrika Kusini. Vilivyokufa 40 vikapasuliwa, 24 vina plastiki. Miaka ya 1968 hadi 1973 pwani hiyo hiyo ilikuwa asilimia 12. Kwa kiumbe wa ukubwa huo, kipande cha milimita 4 ni sawa na wewe kumeza kifuniko cha sufuria. Na hata kisipoziba, kinajaza tumbo lisilojazwa chakula.

#4 Nahodha Mstaafu (Kilwa)

Nimevua miaka 31. Nitasema jambo ambalo nyinyi wa daftari hamlipendi. Kasa wanauawa na wavu wa JARIFE. Anaingia usiku, ananasa, hawezi kupanda kupumua, asubuhi unamkuta amevimba. Hizo chembe ni habari za watu wenye hadubini. Siku mkimaliza jarife njooni tuzungumze nyuzi za bluu.

#5 Mchekecha Mchanga

Shikamoo nahodha. Hapo sibishani nawe hata nukta. Ukinipa fedha za kutatua shida moja tu ya kasa leo, nazipeleka kwenye jarife. Ila nikuulize kwa heshima: jarife likichakaa, linakwenda wapi?

#6 Nahodha Mstaafu (Kilwa)

Marahaba. Mazima kidogo yanakatwa viraka. Yaliyobaki yanabaki mchangani au yananasa mwambani tunayakata. Nimekuelewa unakotaka kunipeleka.

Enzi za baba yangu nyavu zilikuwa za pamba, tunazianika kila siku maana usipoanika zinaoza. Kazi ilikuwa kubwa. Nailoni ilipokuja hakuna aliyelia. Usije ukaandika hapa turudi kwenye pamba, vijana hawana muda huo.

#7 Bi Mwani (Unguja Kusini)

Assalaam aleikum. Mie sichangii sana humu, nasoma tu, lakini leo nimeguswa.

Hizo nyuzi za kijani nazijua. Sie wakulima wa mwani mche mmoja mmoja tunaufunga kwenye kamba kwa taitai. Taitai ni vikamba vyembamba vya plastiki, vyepesi, ukivuta sana vinachanika nyuzi nyuzi. Shamba moja lina mamia ya taitai. Maji yakitoka tunaingia, tunavuna, mche uliokua tunaukata au tunaung'oa, taitai iliyolegea inabaki pale pale majini. Kusi likivuma kwa nguvu linang'oa mche na taitai yake, vyote vinakwenda. Mimi mwenyewe miaka yote sijawahi kurudi na taitai mbovu nyumbani. Hakuna aliyetwambia na sie hatukufikiri.

Na kasa anaingia shambani. Anaupenda mwani, anaukata kama mkasi. Asubuhi unakuta kamba tupu, mche hakuna na taitai hakuna. Ndio nauliza hapa: anakula na taitai?

Lakini nyie waandishi tafadhalini. Mwani huu ni wanawake. Bei yake kila mtu anaijua hapa Zanzibar. Mkiandika kwa pupa, kesho tutaletewa marufuku ya taitai bila kupewa kitu cha kufungia.

#8 Mchekecha Mchanga

Waaleikum salaam dada yangu. Huu ndio mchango niliokuwa nausubiri bila kujua.

Nadhani ndiyo, anakula na taitai. Kasa haambui, anakata fundo na vilivyomo. Na hata majani ya kawaida ya baharini yananasa chembe. Kule Belize walichunguza majani 16 ya nyasi za bahari, 12 yalikuwa na maikroplastiki iliyogandiana na ule utelezi wa juu. Kasa uziwa mkubwa anakula majani hayo siku nzima.

Sitaki marufuku. Rambo ilikuwa na mbadala siku ile ile, kikapu kipo na kiroba kipo. Taitai mbadala wake uko wapi?

#9 Mjukuu wa Bi Asha

Mbadala ulikuwepo jamani, USUMBA! Bibi yangu alikuwa anafukia makumbi ya nazi pwani kwenye tope, anayaacha miezi, anakwenda kuyafukua yanaposhika ule uvundo, anayaponda kwa mchi juu ya jiwe, anasokota kamba juu ya paja. Paja lake lilikuwa gumu kama ngozi ya ngoma. Kamba ile ilifungia majahazi, leo itashindwa na mche wa mwani?

#10 Bi Mwani

Mwanangu, harufu ya makumbi waijua wewe, au umesimuliwa? 😂 Mimi nimeyaponda. Usumba wafaa kwa kamba kubwa. Kwa kufungia mche unakwaruza shina na unaota uchafu haraka. Nilijaribu mstari mmoja baada ya kusoma uzi huu, miche kadhaa imekatika. Ila mstari wenyewe, ile kamba kuu, pengine. Sijui bei tu, nani ataponda.

#11 Kadzo wa Watamu

Hamjambo majirani. Huku kwetu Watamu kuna hospitali ya kasa ya Local Ocean Conservation, wavuvi hupiga simu wakinasa kasa na huja kuchukuliwa. Mimi niliwahi kujitolea kusafisha matangi.

Kuna ugonjwa mmoja huuona mara nyingi: kasa anaelea. Matako juu, kichwa chini, anapiga mbawa lakini hazami. Utumbo umeziba, chakula kimechacha, gesi imejaa. Asipozama hali, na jua lamchoma gamba, na boti zamgonga. Hutibiwa polepole, hupewa dawa ya kulainisha, halafu watu wazima na akili zao wanakaa kando ya tangi wakisubiri kinyesi. Siku kinyesi kikitoka ni sherehe. Nilichokiona mimi kikitoka ni uzi wa kamba, mrefu kama kalamu, na vijipande vyeupe vigumu. Alipoanza kuzama peke yake hadi sakafuni nililia.

Nasi Kenya tulipiga marufuku mifuko Agosti 2017, faini ya hadi shilingi milioni 4 za Kenya. Ni kweli mifuko ilipungua. Lakini kamba, chupa na ndara ziko pale pale. Ile jahazi ya Flipflopi iliyoundwa Lamu kwa tani 10 za taka za plastiki na kuvalishwa kandambili 30,000, iliyosafiri hadi Zanzibar mapema 2019, waliokota ndara hizo fukweni. Hizo ni zile walizoziokota tu.

#12 Chapchap

Nyie mnahangaika na plastiki, Pemba watu wanakufa kwa kula kasa. Machi 2024 Panza wamekufa watoto wanane na mtu mzima mmoja. Si ndiyo hiyo maikroplastiki imegeuka sumu?

#13 Mchekecha Mchanga

Hapana, na tuiseme kwa herufi kubwa isije ikasambaa WhatsApp: SUMU ILE SIYO PLASTIKI. Ni sumu ya nyama ya kasa yenyewe, inajulikana duniani tangu kabla ya plastiki. Inadhaniwa inatokana na miani yenye sumu anayokula kasa. Haiondoki kwa kuchemsha, na kasa mwenyewe haonekani mgonjwa. Watoto ndio huumia zaidi. Mwaka 2021 pia iliua watu saba huko huko Pemba. Usile kasa, basi.

#14 Mwanafunzi_UD

Kaka, vipi kuhusu joto la mchanga? Darasani tumeambiwa kasa hana kromosomu za jinsia, joto la kiota ndilo linaamua. Na plastiki inashika joto.

#15 Mchekecha Mchanga

Ni kweli. Mpaka wake uko kwenye nyuzijoto 29 hivi: chini yake madume wanazidi, juu yake majike. Kaskazini mwa Great Barrier Reef, Australia, kasa wachanga waliochunguzwa walikuwa majike kwa zaidi ya asilimia 99. Huko mkosaji ni joto la dunia.

Kwa plastiki, tusivuke mpaka. Jaribio la Florida la mwaka 2023 lilipata ongezeko la nyuzijoto 0.58 pale mchanga ulipochanganywa na plastiki nyeusi kwa asilimia 30. Ufuko wenye asilimia 30 ya plastiki huo ni jalala. Nyuzi zangu 11 kwenye kopo hazipashi kitu. Lakini ikiwa kiota tayari kiko 29 na ushei, kila kidogo kinahesabiwa. Na kwamba chembe zinafika hadi kina cha yai si ajabu yangu peke yangu, Kupro walizikuta kina cha sentimita 60.

Hapa kwetu tunaweza kufanya jambo rahisi kuliko kuchekecha ufuko mzima, kuacha kukata mivinje na miti mingine ya ufukweni inayotia viota kivuli. Hilo ni la uzi mwingine.

#16 Mbishi wa Tandika

Nimerudi. Mmesema kamba, mmesema taitai. Nguo je? Nimesoma fulana za poliesta zikifuliwa kwa mashine zinamwaga nyuzi laki kadhaa kwa mfuo mmoja. Mitumba yote hii ya soko la Karume inafuliwa na maji yanakwenda mto Msimbazi. Mnawaonea wavuvi na akina mama wa mwani bure.

#17 Mchekecha Mchanga

Mbishi leo umeniletea hoja na siyo ubishi. Kweli, ndoo yangu ilikuwa na nyuzi tatu nyeusi na nyekundu ambazo si za kamba yoyote ninayoijua. Zinaweza kuwa shati langu mwenyewe! Tangu hapo navaa kanzu ya pamba nikichekecha, na majirani wanadhani nimeokoka upande wa pili.

#18 Bi Mwani

Wallahi nimefanya ile ndoo. Mchanga wa shambani kwetu, kopo moja, chumvi kilo mbili. Mume wangu akauliza chumvi yote hiyo ya nini, nikamwambia nachekecha elimu.

Zimeelea saba. Nne kijani ya taitai, sina shaka, hata ule mkunjo wa kufungia unaonekana kwenye moja. Mbili sijui. Moja nyeusi, yaweza kuwa mzizi.

Jambo jingine: nimetundika kikapu kiunoni. Taitai mbovu inaingia humo. Siku tatu kimejaa nusu. Wenzangu wawili wamenicheka, mmoja ameniomba kikapu.

#19 Mchekecha Mchanga

Dada, umenizidi mimi mwenye chekeche. Ile nyeusi na zile mbili usizozijua: pasha sindano mpaka iwe nyekundu, iguse ncha. Ikijikunja na kuyeyuka ni plastiki. Ikiungua kama jani au isiposhtuka, ni mzizi. Fanya mchana, upepo ukiwa umetulia.

#20 Bi Mwani

Nyeusi ni mzizi. Zile mbili moja imeyeyuka, nyingine imepeperuka kabla sijaigusa. Nachota kopo la pili bamvua lijalo.

#21 Nahodha Mstaafu (Kilwa)

Bi Mwani, hicho kikapu ni cha ukindu au cha plastiki?

#22 Bi Mwani

Ukindu, nahodha. Nimekisuka mwenyewe.

#23 Nahodha Mstaafu (Kilwa)

Nisukie kimoja kikubwa, cha kuenea vipande vya jarife. Nitatuma nauli kwa boti ya wiki ijayo.